Bustani ya Shule Iwe Darasa, Isiwe Adhabu

Maneno ya Mweka Hazina kwa niaba ya Kamati ya Elimu, mbele ya wanachama wa umoja wetu waishio Dar es Salaam na wageni waalikwa

Tunajua kwamba kwa mtu wa Dar es Salaam Jumamosi ni siku ya msiba, harusi na fundi bomba, vyote kwa pamoja.

Mmezoea kwamba mweka hazina akisimama, watu huanza kutazama simu zao. Safari hii hatutasoma tarakimu. Hesabu za mwaka zimekaguliwa, zimechapishwa katika kurasa za mbele za kijarida hiki, na mwenye swali atukute baada ya chakula. Vitabu tumekuja navyo. Kamati imetutuma kueleza jambo moja tu. Ombi la mwaka huu ni dogo kuliko maombi mliyozoea, na limezaa ubishi mkubwa kuliko yote. Tunaomba fedha za harambee hii ziende kwenye bustani na masomo ya sayansi kwa vitendo katika shule zote tano za msingi za kata yetu. Ukumbi usubiri.

Tunajua ukumbi una wapenzi wake. Ukumbi unaonekana. Ukipanda kutoka Mombo ukafika nyumbani kwa sikukuu, unauona, unapigiwa picha, una kibao chenye majina ya waliochanga. Bustani ya watoto haina kibao. Ina mbolea ya ng'ombe. Mzee wetu mmoja alituambia kikaoni, na kwa heshima zote tunayarudia maneno yake kwa sababu wengi mnayo moyoni: "Sisi tumewapeleka watoto shule ili waondokane na jembe, ninyi mnachangisha fedha ili tuwarudishie jembe?"

Swali hilo ni la haki, na mzizi wake tunaujua. Wengi wetu humu tulisoma miaka ya themanini na tisini. Tulikwenda shule na jembe begani na ndoo mkononi, na siku nyingine samadi kichwani. Waliochelewa mstarini walipelekwa shamba. Waliozungumza Kishambaa darasani walipelekwa shamba. Aliyekosa hesabu naye shamba. Mahindi tuliyapanda, tukayapalilia, tukayavuna, na yalikoishia hatukuuliza, kwa sababu mtoto wa wakati ule hakuuliza. Mtu aliyelelewa hivyo akisikia "bustani ya shule", mgongo unamuuma kabla hajaelewa unasema nini.

Lakini asili ya jambo hilo haikuwa hivyo. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea Machi 1967, alitaka shamba la shule liwe sehemu ya masomo: watoto wajifunze humo, wapange, wajaribu, waone faida na hasara ya walichoamua. Katika shule nyingi kilichobaki ni jembe. Kupanga na kujaribu kulipotea njiani. Tunachoomba leo ni kukirudisha kile kilichopotea.

Tena hatuombi kwa kubahatisha. Kwa mihula miwili iliyopita shule mbili za kata yetu zimekuwa zikifanya jambo hili kila Ijumaa mchana, darasa la tatu hadi la sita, chini ya walimu wa sayansi wa shule hizo na bwana shamba mmoja mstaafu ambaye tunamlipia nauli na chakula, basi. Wajumbe wa kamati tumepanda mara nne kwenda kuona. Tueleze tulichokiona.

Tulikuta chupa tatu za maji, zile za lita moja na nusu, zimekatwa ubavu kwa urefu na kulazwa juu ya ubao ulioinamishwa kama mteremko wa kwetu. Zote zilijazwa udongo kutoka shimo moja. Ya kwanza udongo wake ulikuwa mtupu. Ya pili ulifunikwa kwa majani makavu. Ya tatu ilikuwa na nyasi hai ambazo watoto walizipanda wiki tatu nyuma. Mdomo wa kila chupa uliachwa wazi, na chini yake kopo. Kisha mtoto mmoja akashika kopo lililotobolewa kwa msumari, akainyeshea kila chupa nusu lita ya maji, huku mwenzake akihesabu kwa sauti ili mvua isizidiane.

Ninyi ni watu wa milimani, mnajua kilichotoka. Chupa yenye udongo mtupu ilimwaga maji mazito, rangi ya chai ya maziwa. Yenye majani makavu ilitoa maji yenye wekundu kidogo. Yenye nyasi ilichelewa kabisa kutoa, na kilichotoka kilikuwa karibu maji safi. Mwalimu hakuwaambia jambo. Aliwaacha wakayaweka makopo yale hadi Jumatatu, tope likatuama, wakamwaga maji ya juu, wakalianika tope juani na kulipima kwa mizani iliyoazimwa dukani. Chupa ya kwanza ilitoa gramu 40. Ya tatu gramu 5.

Halafu binti mmoja wa darasa la nne akauliza swali ambalo bado linatuzunguka kichwani: "Mwalimu, yale maji mekundu ya maporomoko ya Soni wakati wa masika, lile ni shamba la nani linapita?"

Sote tumepita Soni kwenye basi tukayaona maporomoko yakigeuka rangi. Tulisema, "Mvua imenyesha kweli mwaka huu." Kuuliza ni shamba la nani hatukuwahi.

Ndugu zetu, katika milima yetu swali hilo lina historia. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya Waingereza iliona udongo wa Usambara unateremka, ikaanzisha mpango, kwanza bonde la Mlalo kisha milimani kwingine, wa kuwaamuru wazee wetu na hasa bibi zetu kuchimba matuta kwenye mashamba. Kitaalamu matuta hayo yalikuwa na sababu. Kwa watu yalikuwa kazi ya shuruti, kumegewa eneo la kulima na faini juu yake. Waliyapinga, na kabla ya uhuru mpango ukafa. Miaka ya themanini ukaja mradi mwingine, wa serikali yetu na Wajerumani, ambao wengi tunaukumbuka kwa majani ya Guatemala na migrivelia iliyopandwa kwa mistari kukinga maji. Huo ulikwenda kwa kuzungumza na watu zaidi, na alama zake ziko mpaka leo kwenye baadhi ya vilima. Kwingine majani yameng'olewa, mahindi yanashuka mpaka mtoni.

Tunalitaja hili kwa sababu mtoto aliyeyapima mwenyewe yale makopo hahitaji amri ya bwana shamba. Wiki iliyofuata watoto wale walifundishwa kutengeneza kipimausawa: fito tatu zilizofungwa kama herufi A, kamba ikining'inia kutoka kileleni na jiwe mwisho wake. Kamba ikipita katikati ya ufito wa kulala, miguu miwili ya kifaa iko usawa mmoja. Unakitembeza mteremkoni hatua kwa hatua, unachomeka kijiti kila mguu unapotua, na mwisho una mstari unaozunguka kilima bila kupanda wala kushuka. Hapo ndipo panapopandwa majani ya kukinga maji. Kifaa hicho hakigharimu hata shilingi, na ndani yake mna somo la pembetatu, la uzito na la kati kwa kati. Baba mmoja alikiazima kwa siku mbili. Mwanawe alikwenda nacho, maana baba hakujua kukitumia.

Jambo la pili tuliloliona linahusu mbegu, na hapa tunaomba msikilize kwa sikio la mfukoni. Watoto walifundishwa kupima uotaji. Unahesabu mbegu 20, unazipanga juu ya kitambaa kibichi ndani ya sahani, unafunika, unanyunyiza maji kila siku, na baada ya siku kadhaa unahesabu zilizochipua. Kazi ya mtoto wa miaka tisa. Walimu wakawaambia wenye mbegu nyumbani walete. Zikaja pakiti mbili za kabichi kutoka maduka mawili tofauti. Siku ya nane, pakiti moja ilikuwa imeotesha mbegu 17 kati ya 20. Nyingine 6.

Mama mwenye ile pakiti ya mbegu sita alikuwa ameshaandaa kitalu, ameshakodi nusu eka, ameshanunua na mbolea. Mwanawe alirudi nyumbani akamwambia, "Mama, usisie, asilimia 30 tu." Mama alicheka kwanza. Kisha akaitazama pakiti vizuri, akaona tarehe yake imepita na imefutwafutwa. Aliirudisha dukani pamoja na sahani yenyewe kama ushahidi. Mwenye duka alibisha, wateja wengine wakasogea kutazama, akabadilisha. Duka hatulitaji, maana tatizo hili si la duka moja, na kila mmoja wetu mwenye ndugu anayelima karoti au hoho ameshasikia kisa cha namna hii. Sisi tunaoshika vitabu vya hesabu tunaliita hilo ukaguzi, na mkaguzi alikuwa wa darasa la tatu.

Mengine tutayapitia haraka, maana harufu ya pilau imeshafika. Watoto wanazika fimbo katikati ya lundo la mboji na kuichomoa, wanaishika na kukuta ina moto, ndipo wanaelewa kwamba vijidudu wanaoozesha takataka wanafanya kazi kweli. Mboji nzuri hufika hata nyuzi 60. Wameng'oa mharage, wakapasua vile vifundo vya mizizini na kuona ndani yake wekundu kidogo, dalili kwamba bakteria waliomo wanaukamata naitrojeni wa hewani kwa ajili ya mmea. Bibi zetu waliochanganya maharage na mahindi walijua kuwa inafaa. Mjukuu sasa anajua kwa nini. Wamefunika jani kwa karatasi nyeusi na kuliona linapauka. Ukimuuliza mtoto wa kawaida, "Usanisinuru ni nini?" atakuimbia tafsiri yake bila kukosea neno. Hawa waliinua mikono wakabishana kwamba jani moja lilikuwa halikufunikwa vizuri.

Kuna na hili, ambalo hatukuweza kuliacha. Mwaka 1892 ofisa mmoja wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliona ua dogo la zambarau katika nchi ya Tanga na Usambara, akalipeleka kwao Ulaya. Leo aina zake zinauzwa katika vyungu vidogo Ulaya na Marekani, na jina la kisayansi ambalo ua hilo lilipewa, Saintpaulia, lilitokana na la ofisa huyo. Yupo mtoto wa London anayelimwagilia dirishani kila asubuhi. Wa kwetu wengi hawajaonyeshwa. Mwaka 1902 Wajerumani haohao wakafungua kituo cha utafiti wa mimea pale Amani, upande wa Muheza, kwa sababu waliona milima hii ni maabara. Ilikuwa maabara kabla yao, na bado ni maabara. Tunapoambiwa kwamba shule zetu haziwezi kufundisha sayansi kwa kuwa hazina maabara, tunauliza: mlango wa nyuma wa darasa umefungwa na nani?

Turudi kwenye fedha, ndiyo kazi yetu. Kinachokwamisha bustani za kwetu ni maji na mbuzi.

Mbuzi walikula tuta la kwanza la mchicha lote kwa asubuhi moja, jirani akaja kuomba radhi, na tangu hapo kuna uzio wa fito. Hilo limekwisha. Maji halijakwisha. Januari na Februari ni ukavu, na kuanzia Julai mpaka vuli ya Oktoba tunaishi kwa ukungu na manyunyu. Katika miezi hiyo wanaobeba maji ni watoto, na kwa sehemu kubwa ni wasichana, kutoka bondeni, kabla ya kipindi cha kwanza. Kamati imekataa hilo kabisa. Bustani inayomchosha mtoto kabla ya hesabu imerudi kuwa ile adhabu tuliyoisimulia.

Kwa hiyo tunaomba matenki na gata. Msituulize sisi hesabu yake, waulizeni watoto wa darasa la sita walioifanya ubaoni mbele yetu. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba inatoa lita moja ya maji. Paa la jengo lao lina urefu wa mita 20 na upana wa mita 8, yaani mita za mraba 160. Mvua ya milimita 10, ambayo kwetu masika ni ya kawaida, ni lita 1,600 juu ya paa moja. Hata ukitoa inayorukia pembeni, mvua nne za namna hiyo zinajaza tenki la lita 5,000. Maji hayo kwa sasa yanamwagika chini ya ukuta na kuchimba msingi wa darasa.

Walikwenda mbele zaidi. Tuta la mita moja kwa tano walilikadiria lita 25 kwa siku wakati wa ukavu. Matuta kumi ni lita 250, tenki linakauka kwa siku 20. Darasa likanyamaza. Kisha mtoto mmoja akasema walime matuta manne tu wakati wa kiangazi; ni siku 50. Mwingine akasema wafunike udongo kwa majani makavu, kama ile chupa ya pili, ili maji yasiruke. Ndugu zetu, tumekaa katika vikao vya bajeti vya ofisi kubwa za mjini hapa, vyenye kahawa na viyoyozi, ambamo hesabu ya namna hiyo haikufanyika.

Jambo la mavuno tumelipa uzito wa pekee, kwa sababu hapo ndipo imani ilipovunjika zamani. Mboga zote zinakwenda jikoni kwa chakula cha mchana cha watoto, kwenye makande na uji wanaochangia wazazi. Zikizidi zinauzwa sokoni na fedha zinanunua mbegu. Hakuna fungu linalokwenda nyumbani kwa mwalimu, wala kwa mwenyekiti wa kijiji, wala kwa mjumbe wa kamati aliyepanda kukagua. Tulipopewa kabichi mbili za kuaga tulizilipia, na risiti tunayo. Kila tuta lina daftari lake, na linaandikwa na watoto wenyewe: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Tuliyapitia madaftari hayo usiku kwa tochi. Kuna moja lilikuwa na tofauti ya vichungu viwili vya karoti, na chini yake mwenye tuta ameandika kwa penseli: "Viwili tumekula."

Sharti jingine ni la afya. Hakuna dawa ya kunyunyizia katika bustani ya shule. Tunajua mboga za kwetu zinavyopigwa dawa kabla ya kupakiwa kwenda Kariakoo, na tunajua makopo yake hutupwa wapi. Viwavi wanaokotwa kwa mkono na kupewa kuku. Mavuno yanapungua, ndiyo. Tuta moja la kabichi liliharibika karibu nusu, na likawa somo la maisha ya kipepeo kuanzia yai.

Wapo wanaouliza kuhusu mtihani wa darasa la saba. Mwaka mmoja ni mfupi mno kupima jambo hilo, nasi hatuahidi alama. Tunachosema ni kwamba Ijumaa mchana ilikuwa ya kufagia na kusubiri kengele. Hakuna kipindi kilichoibiwa. Na walimu wakuu wa shule zote mbili walikuja wenyewe kwa kamati kuomba iendelee, bila kuomba posho, jambo ambalo kwa uzoefu wetu wa vitabu vya hesabu ni ushahidi tosha.

Na yule mzee wetu wa jembe? Tulikwenda kumjibu nyumbani kwake, kama inavyopasa, hatukumjibu kikaoni. Tulimwambia hivi. Mashamba yanagawanywa. Babu alikuwa na eka sita, baba akapata mbili, mtoto anagombea nusu eka na ndugu zake, tena kwenye mteremko. Kati ya watoto wa darasa lolote la kwetu, wachache watafika mjini wakawa wahasibu na manesi na madereva; hao tunawatakia heri. Walio wengi watabaki milimani na ile nusu eka. Wakibaki na jembe peke yake watakuwa maskini kuliko sisi tulivyokuwa. Wakibaki na mizani, na daftari, na mazoea ya kujaribu mbegu kabla ya kukopa mbolea, na kujua ujazo wa gunia lao anapokuja mnunuzi wa lumbesa, ambayo sheria imeshaikataza na bado inapakiwa barabarani mchana kweupe, basi wana pa kuanzia. Mzee alitusikiliza. Akasema ukumbi bado anautaka. Kisha akatoa kipande cha ardhi kando ya shule ya tatu, hatua thelathini kwa ishirini, kwa maandishi mbele ya mjumbe. Ardhi hiyo imeingizwa kwenye hesabu za mwaka huu, ukurasa wa sita, tuliposhindwa kuipangia bei tukaandika maneno.

Mahitaji ni haya. Kwa kila shule tenki moja la lita 5,000 na gata za jengo moja, msingi wa mawe ambao wazazi wameahidi kuujenga kwa nguvu zao, mizani ya kilo 10, kipimajoto, lenzi sita za mkononi, futikamba mbili, keni za kumwagilia na majembe madogo yanayomfaa mtoto. Shule mbili za mwanzo zina vifaa kiasi, zinahitaji tenki. Nauli ya bwana shamba wetu inaongezeka, maana shule ya mbali iko upande wa pili wa mlima. Bei za kila kitu, kama tulivyozipata kwa mafundi na maduka matatu tofauti, ziko katika jedwali la ukurasa wa nyuma. Jumla yake haifiki fedha za kuezeka ukumbi. Na fungu la ukumbi lililokwisha kukusanywa halitaguswa hata senti. Liko kwenye akaunti yake, likisubiri zamu.

Malipo yapite kwenye namba ya umoja tu, ile iliyochapishwa jaladani, na risiti mtaipata kwa ujumbe ndani ya siku mbili. Tafadhali msimpe fedha mtu mkononi, hata kama ni mjumbe wa kamati, hata kama ni shemeji yako. Ahadi zote zikamilike ifikapo 31 Januari, kwa sababu mafundi wanahitaji Februari nzima ili gata ziwe juu kabla ya masika ya Machi. Tukikosa masika, tumekosa mwaka.

Mwisho ni kwa wale ambao mfuko haujatulia. Ndugu yetu mmoja mwenye lori la mboga amejitolea. Lori linashuka na kabichi, linapanda tupu. Jumamosi ya mwisho ya Januari litakuwa hapa uwanjani saa kumi na mbili asubuhi. Mwenye pipa la bluu lililokaa bure nyuma ya nyumba, au ndoo, au mizani ya zamani inayosoma vizuri, au bati nusu, alilete. Liandikwe jina kwa rangi, lisije likabadilishwa Chalinze.